Huna kazi wala pa kulala Mbeya: huduma zipi zikufae kwanza

Mbeya mjini iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Anayelala kwenye baraza za soko la Mwanjelwa au stendi anaumizwa na baridi kabla hajaumizwa na njaa. Kwa hiyo hapa tumepima kila huduma kwanza kwa kitanda, ndipo tukaangalia fedha. Vijana wengi wakishindwa kodi au wakiondoka nyumbani hukimbilia kutafuta mtaji. Ushauri wetu ni kwamba utafute kwanza kazi au mafunzo yenye malazi. Mtaji na chumba cha kupanga vifuate.

Kabla ya yote, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukachukue barua ya utambulisho. Bila barua hiyo safari ya NIDA, yaani mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ni ngumu, na bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Ongozana na balozi au mwenyeji anayekufahamu, maana mwenyekiti hawezi kumwandikia mtu asiyemjua. Kabla hujatoka ofisini isome barua yote: majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, jina la mtaa, tarehe, sahihi na muhuri. Ukiandikwa Mwakyusa kwenye cheti na Mwakiusa kwenye barua, herufi hiyo moja inaweza kukufuata hadi NIDA, chuoni na benki, na kuirekebisha kunaweza kukudai hati ya kiapo. Aliyepoteza cheti aanzie ofisi ya mkuu wa wilaya, ziliko huduma za RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kusajiliwa NIDA kwa mara ya kwanza hakuna ada, hivyo anayekudai hela ya kukuwahishia usimpe. Barua hiyo ina faida nyingine pia. Kanuni ya Adhabu imekuwa na kosa la uzururaji, na ingawa karatasi haizuii kukamatwa, inamwonyesha askari kwamba una mtaa na una mtu wa kukutambua.

Kwa maoni yetu, bweni la VETA, vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi, ndilo linalozidi yote, na ni vijana wachache wanaolipigia hesabu. Kwenye vyuo vya VETA vya serikali, ada ya kozi ndefu imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Chukua chumba cha Sh 30,000 kwa mwezi: kwa mwaka ni Sh 360,000, na bado hujala wala hujajifunza chochote. Mbeya kuna chuo, Iringa kipo, Makete kipo. Aliyeishia darasa la saba ana nafasi katika fani nyingi, kuanzia uashi na uchomeleaji hadi ushonaji.

Tatizo ni muda na vitanda. Fomu hutoka nusu ya pili ya mwaka, masomo huanza Januari, na vitanda vya bweni havitoshi kila anayevitaka. Ukianza kuulizia Februari umechelewa karibu mwaka mzima. Ada pia si gharama yote: kuna sare, overoli, viatu vya kazi, godoro na vifaa vya fani, kwa hiyo omba orodha kamili kabla ya kulipa chochote. Halafu kuna jambo linalowaangusha wasio na kwao: wakati wa likizo bweni hufungwa, na ukipelekwa kwenye mafunzo kazini malazi yanakuwa juu yako. Mwambie mshauri wa wanafunzi hali yako wiki ya kwanza kabisa, usisubiri siku ya kufunga chuo ukiwa na begi mkononi. Na ukiomba nafasi ya mafunzo kazini, chagua karakana inayohitaji mtu wa kulala hapo.

Wakati unasubiri Januari, zipo kazi zenye malazi. Mashamba makubwa ya chai ya Mufindi yana nyumba za wafanyakazi, na wachumaji hulipwa kwa kilo. Soko la chai limeyumba miaka ya karibuni, hivyo kabla hujapanda gari muulize mtu aliye huko kama mishahara ya mwezi uliopita imetoka. Mafinga, kwenye mbao zinazotoka msitu wa Sao Hill, kibarua hakikosekani sana na wengine hulala kambini. Ila mashine za dingdong za kupasulia magogo zinakata vidole. Kama msumeno hauna kinga na mwenye mashine anakwambia utazoea, tafuta kwingine au omba kupanga na kubeba mbao badala ya kusukuma gogo. Ulinzi wa duka, usafi wa gesti na kazi za hotelini huja na kitanda mara nyingi, lakini kitanda kisigeuke mshahara. Kubaliana mapema, mbele ya shahidi, ni kiasi gani unapokea mkononi na tarehe ngapi.

JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa kujitolea ni malazi, chakula na nidhamu kwa pamoja. Kambi za karibu ni Itende hapa Mbeya na Mafinga. Nafasi hutangazwa na maombi hupitia ofisi za mikoa na wilaya, umri na elimu vikiwekwa kwenye tangazo lenyewe. Hakuna ada. Tangazo pia husema wazi kwamba JKT haitoi ajira baada ya mkataba, kwa hiyo ingia ukiwa na fani unayotaka kuondoka nayo.

Kujifunza kwa fundi gereji ni njia nzuri kwa asiye na ada kabisa. Wengi hulala hapo hapo kama walinzi. Ukishaiva, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani, ukatoka na cheti bila kuanza darasani upya. Tunasikitika kuona mafundi hodari pale Mwanjelwa wakikosa kazi za kampuni kwa sababu hawajawahi kuuliza habari hiyo.

Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni za vijana, hauna riba. Hata hivyo ni wa kikundi kilichosajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii, na unachukua muda. Usiutegemee kwa chakula cha wiki hii. Bodaboda ya mkataba, unayoilipa kidogo kidogo hadi iwe yako, nayo isubiri hadi uwe na leseni. Soma kwenye mkataba nani analipa matengenezo na bima, na hesabu inakuwaje ukiugua. Pikipiki ikinyang'anywa mwezi wa mwisho, miezi yote uliyolipa imeondoka nayo.

Ukifika wakati wa kupanga, geto la watu wawili Uyole au Ilemi linabeba mtu mwenye kipato cha kibarua. Epuka Oktoba na Novemba upande wa Iyunga, wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST wanaporudi na vyumba kupanda bei. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo ulizia kwa balozi kwanza. Omba mwenye nyumba apokee mwezi mmoja mmoja kwa miezi mitatu ya mwanzo. Baadhi hukubali ukija na barua ya mtaa na mtu anayekudhamini. Angalia LUKU, mita ya umeme, ni ya wangapi na inagawanywaje, na gusa ukuta wa nyuma uone kama una unyevu.

Aliye chini ya miaka 18 asianzie kwenye lolote kati ya haya. Aende kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au apige 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Na popote utakapopita utakutana na tangazo la "ajira" linalodai hela ya fomu, ya sare au ya semina, kisha ulete wenzako wawili. Usajili wa TaESA, huduma ya ajira ya serikali, na wa Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, ni bure. Hela uliyo nayo inunue godoro na overoli.