Kikombe, tamponi, pedi au chupi za hedhi: kipi ununue kabla ya kwenda kutembea milimani

Wadada mnaopanga kutembea milimani au porini siku tatu nne mfululizo, ukiona siku zako zinaangukia hukohuko usiahirishe safari, nunua tu kitu kinachofaa. Ila kule usiangalie kinanyonya kiasi gani peke yake, jiulize vitu viwili: nikishakitumia nakipeleka wapi, na mikono yangu itakuwaje wakati nabadilisha? Maana hakuna dastibini, hakuna bomba, na choo mara nyingi ni kichaka tu. Na pedi au tamponi (kile kipamba cha kuingiza ukeni) haifukiwi jamani, wala usiitupe kwenye moto wa kempu, nyingi zina plastiki haziozi, wanyama wanafukua, na moto mdogo hauzimalizi. Ulichopanda nacho unashuka nacho, na orodha yangu nimeipanga kwa kuangalia hilo.

Namba moja ni kikombe cha hedhi, kile kidogo cha kuingiza ukeni kinachokinga damu, na kwangu mimi hakina mpinzani wa karibu. Kimoja cha silikoni unatumia miaka, vingi unaruhusiwa kukaa navyo mpaka masaa 12, yaani unamwaga asubuhi kabla hamjaondoka na jioni mkishafika, katikati unatembea zako na taka huna. Damu unamwaga kwenye shimo lilelile la haja kubwa, kina cha sentimita 15 hadi 20, mita kama 60 kutoka kwenye maji, unafukia. Kukitoa sasa: nawa mikono kwa sabuni na maji kidogo, sanitaiza sawa ila iache ikauke kabisa kwanza, spiriti ikigusa huko chini utaruka. Chuchumaa, bana kitako cha kikombe mpaka hewa iingie ndo uvute, usivute kile kimkia peke yake. Mwaga, suuza kwa maji ya kunywa ya kwenye chupa sio ya mtoni, rudisha. Maji yakiwa ya kubania futa na tishu safi, utakisuuza mbele. Ukirudi nyumbani kichemshe dakika kadhaa kama karatasi yake inavyosema.

Kwenye kuchagua usiangalie tu kama umezaa au hujazaa. Ukiwa kwenye siku ingiza kidole kisafi utafute shingo ya kizazi, ukiigusa mapema chukua kikombe kifupi, ikiwa mbali kirefu kitakufaa maana utakifikia kirahisi. Kilaini sana kinasumbua kufunguka ndani, kigumu kinafunguka chap ila wengine kinawabana kibofu wanaona mkojo kila saa, kwa hiyo wa mara ya kwanza chukua cha katikati. Kama umewekewa kitanzi ongea kwanza na daktari au nesi, maana kikombe kinaweza kukivuta kikasogea au kutoka. Na tafadhali usikinunue wiki ya safari! Kizoee nyumbani angalau mizunguko miwili.

Namba mbili ni tamponi, zile fupi za kusukuma na kidole, sio zenye mrija wa plastiki, maana mrija nao ni taka ya kubeba. Ni ndogo na hazichubui mapaja. Kinachozishusha ni saa, unatakiwa kubadilisha kila masaa 4 hadi 8, na mtu aliyechoka akilala haamki kwa kengele, kwa hiyo usiku vaa pedi. Chukua yenye unyonyaji mdogo unaokutosha. Homa kali ya ghafla, kutapika, kizunguzungu na ngozi kuwa nyekundu kama imeungua na jua, hiyo inaweza kuwa sumu ya bakteria mwilini (TSS), toa haraka na utafutiwe njia ya kushuka hospitali, hata kwa kikombe inaweza kutokea japo ni nadra sana.

Tatu, pedi za kutupa. Unazijua, hazina cha kujifunza, na kama safari ni kesho basi beba hizo hizo uende. Ila kutwa nzima ya jasho na kupanda, zile za juu nailoni zinachubua vibaya. Tafuta nyembamba ya pamba yenye mabawa, isiyo na manukato, na mafuta ya mgando ya kupaka mapajani.

Mwisho kabisa chupi za hedhi, zile zinazonyonya damu zenyewe, na pedi za kufua. Kama akiba ya kuvaa juu ya kikombe au ya kulalia ni nzuri mno, ila kuzitegemea peke yake kwenye baridi na mawingu, utafua saa ngapi na zitakauka lini?

Vya kuongezea: waipsi zisizo na harufu, za kufuta nje tu, kutoka mbele kwenda nyuma, nazo unarudi nazo. Kifaa cha kukojolea umesimama ni raha kwenye baridi, ila kijaribu bafuni kwanza, ukikojoa kwa kasi kile laini sana kinafurika. Na mfuko wa taka: chukua wa zipu, ubandike selotepu pana isiyoonyesha nje yote usionekane ndani, tia majani makavu ya chai yanyonye harufu, kisha uingize wote kwenye mfuko wa pili, maana ule wa kwanza ukitobokea ndani ya begi lenye nguo zako zote ni balaa.