Nyumba za kununua tayari pande za Kira na Namugongo, karibu na Kampala, Uganda

Zinavutia: geti jeusi, vigae vinavyong'aa, rangi mbichi. Rangi hiyo ndiyo ya kutilia shaka. Nenda baada ya mvua kubwa, Aprili au Oktoba, ukague futi mbili za chini za ukuta. Rangi ikivimba au plasta ikitoa unga mweupe, huenda karatasi ya kuzuia unyevu haikuwekwa juu ya msingi. Kuirekebisha ni kuchimbua ukuta kipande kwa kipande. Gonga vigae kwa sarafu, panapolia kama pana uwazi chini vitabanduka. Mabati uliza geji: 30 ni jembamba kuliko 28, namba zinakwenda kinyume.

Hati ndiyo inayoumiza zaidi. Kwenye mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa daima ya Buganda, anaweza kuwapo mwenye kibanja, mkaaji wa kipande cha ardhi hiyo asiye na hati, naye Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda. Kununua hati hakumwondoi. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, waulize majirani na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), dai ridhaa ya mwenzi wa muuzaji. Ongeza ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani.

Kujenga ni bora kwa mwenye pesa za vipande vipande na muda wa kusimamia saruji yake. Mwenye haraka anunue, ila iliyokwisha nyeshewa misimu miwili.