Vichwa vya shaba kwa anayejaza risasi mwenyewe: kipi ununue kwanza

Kabla hujatazama jina la kampuni kwenye sanduku la vichwa (sehemu ya risasi inayoruka kutoka kwenye bunduki), pima msokoto wa mtutu wako, yaani urefu ambao mifereji ya ndani hutumia kuzunguka mara moja. Chukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, uvishe kitambaa kinachobana, utie alama, kisha usukume taratibu mpaka alama izunguke mara moja kamili. Umbali ulioingia ndio msokoto: inchi 10 ni 1:10, inchi 12 ni 1:12. Wanunuzi wengi huruka hatua hii, halafu hulaumu kichwa.

Sababu ni uzito wa madini yenyewe. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya madini ya risasi ina 11.34. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule lazima kiwe kirefu zaidi, na kirefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisiyumbe hewani. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayehamia shaba ni kushuka uzito. Aliyezoea kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwenye bunduki ya aina ya .30-06 anunue 165 au 150. Mwenye .308 ya zamani ya 1:12 aanze na 150 au hata 130. Mwenye .243 ya 1:10 atafute 80 au 85, asitamani 100.

Hapo wengi huuliza kama wepesi huo hautaharibu windo. Hauharibu. Kichwa cha shaba mara nyingi hufunguka kama ua na kubaki na karibu uzito wake wote, wakati cha kawaida chenye kiini cha madini ya risasi humeguka na kupoteza sehemu njiani. Vipande hivyo vidogo vinavyobaki kwenye nyama na matumbo ndivyo vilivyoifanya California ikataze madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa ajili ya ndege wala mizoga kama kondori. Tena kichwa chepesi hutoka kwa kasi, na kasi ndiyo inayofungua shaba. Vingi huhitaji takribani mita 550 hadi 600 kwa sekunde pale vinapomgonga mnyama. Chini ya hapo hupenya tu na kuacha tundu jembamba.

Sasa mpangilio wangu.

1. Barnes TTSX. Barnes walianza kuuza vichwa vya shaba tupu mwaka 1989. Vile vya mwanzo vilisifika kwa kupenya na kulaumiwa kwa kuacha shaba nyingi ndani ya mtutu. Mwaka 2003 ilikuja TSX yenye mifereji iliyochongwa kuzunguka mwili, ikapunguza msuguano, na baadaye TTSX ikaongezewa ncha ya plastiki inayosaidia kufunguka. Naiweka juu kwa sababu moja isiyo na mbwembwe: karibu kila kitabu cha kujazia kina vipimo vyake vya baruti, na uzito unaouzwa ni wa aina nyingi. Kama magazini yako ni fupi au unawinda wanyama wazito kwa karibu, TSX isiyo na ncha inatosha kabisa.

2. Hornady CX. Ndiyo iliyochukua nafasi ya GMX, kichwa chao cha shaba cha awali. Ni aloi ya shaba, ina mifereji na ncha inayostahimili joto la mwendo. Vipimo vinapatikana kwa urahisi. Kama duka lina CX na halina TTSX, usisubiri.

3. Hammer Hunter. Hutengenezwa Montana, Marekani, kimoja kimoja kwa mashine ya kuchonga. Kwa ulengaji tu huenda ingekuwa ya kwanza, kwani wanaoitumia husema haichagui sana kina cha kukalishia, yaani kichwa kinaingizwa kiasi gani ndani ya ganda. Kampuni huandika msokoto unaohitajika kwa kila kichwa, jambo ambalo wote wangepaswa kuiga. Mbele yake imetengenezwa imeguke petali, shina liendelee kupenya. Wapo wasiopenda hilo. Inashuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu vipimo vilivyochapishwa ni vichache, na mtu anayeanza asijikute anakisia baruti.

4. Nosler E-Tip. Kichwa kizuri, chaguo chache za uzito. Kinunue ukikikuta.

5. Barnes LRX. Kirefu, chembamba, kimeundwa kwa masafa marefu na hufunguka kwa kasi ndogo kuliko ndugu zake. Ni cha mwisho hapa kwa kuwa wengi hukinunua kwa tamaa ya masafa wasiyopiga. Kama msokoto wako unakitosha na kweli unapiga mbali, kipandishe hadi juu.

Ukishanunua, usichukue kipimo cha baruti cha kichwa cha madini ya risasi chenye uzito sawa. Cha shaba kimekula nafasi ndani ya ganda na ni kigumu kubanwa na mtutu, mgandamizo hupanda. Tumia jedwali la mtengenezaji wa kichwa hichohicho, anza na kiwango cha chini, panda kwa hatua ndogo. Boliti (kufuli ya bunduki) ikiwa nzito kuinua au fataki (kiwashio kitakoni mwa ganda) ikibondeka bapa, simama hapo na urudi chini.

Ulengaji wenyewe mara nyingi hupatikana kwenye kina cha kukalisha kichwa kuliko kwenye baruti. Shaba hupenda kuruka kabla ya kugusa misokoto ya mtutu. Barnes hupendekeza kuanzia inchi 0.050, karibu milimita 1.3, na bunduki nyingine hutulia mbali zaidi ya hapo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Na kabla ya yote, safisha mtutu kwa dawa ya kuyeyusha shaba mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya buluu, kisha upige chache za kuuzoeza bila kuzihesabu. Matundu matatu yaliyokaribiana hudanganya. Piga matano, na yakikaa yote ndani ya sentimita 3 kwa mita 100, kwa bunduki ya kuwindia inatosha. Acha kusumbua jedwali.

Vingi huuzwa 50 kwa sanduku, na nusu ya hivyo itaishia kwenye majaribio. Nunua masanduku mawili yenye namba ileile ya toleo.