Haibridi au aironi ndefu: fimbo ipi imfae mchezaji wa gofu wa Dodoma?

Nimekuwa nikipiga kwa zamu aironi namba 4, fimbo ya gofu yenye kichwa cha chuma, na haibridi namba 4, iliyochanganya sifa za aironi na za ile fimbo ya kichwa kikubwa iitwayo fimbo ya mbao, mazoezi nikiyafanyia kwenye ardhi ngumu ya Dodoma na mechi nikishuka kuzicheza Morogoro. Kwa mchezaji wa kawaida ningeshauri haibridi, ingawa upepo wa huku kwetu unanizuia kuitupa aironi moja kwa moja.

Tofauti inaanzia kichwani mwa fimbo. Aironi ndefu, yaani namba 2 hadi 4, ina kichwa chembamba chenye uso uliosimama, hivyo mpira usipogongwa barabara husafiri chini chini na kuanguka mapema, huku viganja vikibaki na ganzi. Haibridi ina uwazi ndani na kitako kipana, na uzito wake mwingi umewekwa chini na nyuma ya uso, kwa hiyo mpira hunyanyuka hata kwa asiye na kasi kubwa ya mkono. Baada ya mazoezi huwa natazama alama za vumbi jekundu kwenye nyuso za fimbo zote mbili: zimetawanyika vilevile, kutoka ncha hadi kisigino, lakini mipira ya haibridi ndiyo iliyofika.

Wanaodai kwamba haibridi ni fimbo ya wazee wamkumbuke Y.E. Yang wa Korea Kusini, ambaye mwaka 2009 aliitumia kuutua mpira jirani na shimo la 18 kwenye uwanja wa Hazeltine, Marekani, na kumshinda Tiger Woods katika PGA Championship, moja ya mashindano makubwa ya gofu. Mimi hunivutia zaidi Todd Hamilton, bingwa wa The Open, shindano jingine kubwa, la mwaka 2004 kwenye uwanja wa Royal Troon, Uskoti, aliyeitumia kuuviringisha mpira kutoka nje ya grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) hadi karibu kabisa na shimo. Pigo hilo linatufaa sana wakati wa kiangazi, nyasi zinapokauka na fimbo fupi kudunda juu ya udongo badala ya kupita chini ya mpira.

Kasoro zipo. Mpira unaopaa juu hubebwa na upepo, na Dodoma mwezi Agosti upepo hauna simile. Hapo aironi, ikipigwa vizuri, hukaa chini na kushika njia. Kwa anayetumia mkono wa kulia, haibridi pia huelekea kuvuta mpira kushoto. Tena isifagiliwe kama fimbo ya mbao: igongwe kwa kushuka, kama aironi.

Kwa kuwa kanuni zinaruhusu fimbo 14 tu, nimeondoa aironi namba 3 na kuiacha namba 4 kwa siku za upepo. Anayenunua iliyotumika akague maungio ya mti na kichwa, kisha ashike mpini: raba ikiwa ngumu na inateleza, bei ishuke.