Wikendi kutoka Nairobi, Olorgesailie au Hell's Gate kwa baiskeli na hema?
Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale, raha yake ni mteremko. Ukishapita Kiserian na Corner Baridi, barabara ya Magadi inakushusha Bonde la Ufa, upepo usoni, hadi joto likukabili. Unapiga hema karibu na mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine yameachwa palepale yalipochimbuliwa. Shughuli ni Jumapili ukirudi: kilima chote hicho unakipanda. Ondoka alfajiri na ubebe maji ya kutosha.

Hell's Gate, hifadhi ya wanyama Naivasha, ni rahisi zaidi. Panda matatu, kodi baiskeli karibu na lango, uendeshe kando ya pundamilia. Mwenye watoto aende huko, ila mvua ikitanda wasiingie korongoni.

Miguu ikiwa na nguvu, mimi nachagua Olorgesailie.