Shiti za CRC Gerezani, kwa makabati ziko vizuri

Nimechukua shiti za chuma za CRC (yaani cold rolled coil), unene milimita 1.2, futi 4 kwa 8, duka moja la vyuma mtaa wa Gerezani, Dar, za makabati ya ofisi. Aisee hizi zinapitishwa kwenye rola chuma kikiwa kimeshapoa ndo maana uso ni laini hauna yale magamba ya shiti nyeusi (zile zinazopitishwa rola chuma kikiwa cha moto), ukikunja kona inatoka safi na unene ni uleule. Ila zinakuja na mafuta, futa na thina kabla ya praima la sivyo rangi itabanduka. Bei imechangamka, halafu dukani wanaziegemeza nje kwenye manyunyu, moja ilishaanza kutu pembeni, wakabadilisha bila kelele. Geti la nje? Chukua nyeusi tu, hela isiende bure.