Micraster au Tylocidaris: yupi anatufunulia zaidi bahari ya kale?

Miamba ya chokaa nyeupe ya kusini mwa Uingereza ilikuwa tope la bahari zama za Kretasi, kipindi cha mwisho cha dinosauri. Humo hupatikana visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vya urchini, wanyama wa baharini wenye miiba, wa aina hizi mbili. Tylocidaris, wa mviringo, alitambaa juu ya tope akiwa na miiba minene kama rungu. Akifa husambaratika, kwa hiyo mara nyingi huokotwa mwiba mtupu. Micraster, mwenye umbo la moyo, alijifukia topeni, na gamba lake mara nyingi hubaki zima. Namchagua huyu bila kusita: mwaka 1899 daktari Arthur Rowe alionyesha alivyobadilika tabaka hadi tabaka, mdomo ukisogea mbele polepole. Kwa uzuri wa miiba, hata hivyo, Tylocidaris hana mpinzani.